Vidole Visivyokuwepo: Zamadamu katika Ushairi wa Wanafunzi Wetu

Mwalimu mwenzangu, kabla hatujaenda mbali hebu soma mishororo hii sita. Iliandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mwaka 2023, siku mbili baada ya darasa letu kuzuru Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Mwenyewe ameniruhusu niichapishe, ila ameomba jina lake lisitajwe.

Kando ya mto Nariokotome
amelala kijana wa rika langu.
Meno yake hayajamaliza kuota.
Vidole vyake havipo.
Nani alivichukua, nami
naandika kwa vya nani?

Nilimpa alama 7 kwa 20. Nilipigia mstari mwekundu neno "nami" nikaandika pembeni: "mishata". Chini kabisa nikaongeza: "Vina viko wapi? Mizani je?" Halafu nikafungua karatasi iliyofuata. Huyo wa pili nilimpa 16, na ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

Babu zetu wa zamani, waliishi kwenye mwamba,
Mawe yao mikononi, wakimwinda naye simba,
Walitandaa nchini, hata pasipo na nyumba,
Kenya yetu ya thamani, nasi leo twakuimba.

Hesabu mizani, msomaji wangu. Ni 8 kwa 8, hakuna ulipopungua wala kuzidi. Vina vya kati ni "ni" na vya mwisho ni "mba", toka mshororo wa kwanza hadi wa nne. Ni tarbia safi, na mtahini yeyote aliyechoka saa nne za usiku angempa mtoto huyu haki yake. Mimi nilimpa. Makala haya nayaandika kwa sababu nadhani nilikosea mara mbili usiku ule: niliuadhibu ubeti wa kwanza kwa jambo lisilo kosa, nikauzawadia wa pili kwa jambo lisilotosha.

Nianze na safari yenyewe, maana mashairi haya yalitoka huko. Shule yetu ni ya kutwa, haiko mbali na katikati ya jiji, kwa hivyo tulikwenda kwa miguu. Tulipita mzunguko wa Globe tukaupanda mlima kwa njia ya Kipande Road. Mwanafunzi mmoja mcheshi akauliza kama njia ile ina ukwapi na utao. Nilicheka, kisha nikawaeleza habari za kipande kingine, kile ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa shingoni kuanzia miaka ya 1920 ili ijulikane wanatoka wapi na wanamfanyia nani kazi. Tulipofika ndani ya makumbusho tukakutana na kipande cha tatu. Mwezi Agosti mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kutambua mfupa katikati ya changarawe, aliokota kipande kidogo cha fuvu kwenye ukingo wa mto wa msimu uitwao Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu wanakadiria alikuwa na umri wa kati ya miaka 8 na 12, ingawa kimo chake kilikwisha kufika sentimita 160 hivi. Kilichokosekana kwa sehemu kubwa ni mifupa ya mikono na nyayo. Kimeu mwenyewe alifariki mwaka 2022, na sidhani kama kuna mwanafunzi wangu aliyekuwa amewahi kulisikia jina lake.

Sasa turudi kwenye beti zetu. Ule wa tarbia una kasoro ambazo arudhi huzifunika kama zulia linavyofunika sakafu mbovu. Kwanza, hilo "naye" katika "wakimwinda naye simba" halina kazi yoyote isipokuwa kukamilisha mizani. Walikuwa wakimwinda simba pamoja na nani? Pili, babu hawa wamekaa "kwenye mwamba" kwa sababu mwamba una "mba". Kama kina kingekuwa "ti", naapa wangeishi kwenye miti. Tatu, na hili ndilo kubwa, mshororo wa nne unaiita Kenya kana kwamba ilikuwapo. Kijana wa Nariokotome hakuwa na Kenya. Ziwa lenyewe halikuwa na umbo lilivyo leo, na jina Turkana lilikuwa bado halijazaliwa kinywani mwa mtu. Mshairi akisema "Kenya yetu" mbele ya mifupa ya umri huo, hasemi habari za mifupa. Anarudia maneno ya bango la watalii: hapa ndipo chimbuko la binadamu, karibuni wageni.

Si kosa la mtoto. Maneno hayo tumemfundisha sisi, kwa kumsifu kila anapoyatumia.

Ubeti huru nao haukosi dosari. "Kijana wa rika langu" ni kauli inayozua mjadala, kwani mwandishi alikuwa na miaka 17 na marehemu, hata kwa makadirio ya juu, 12. Darasa lilipoujadili ubeti huu baadaye, msichana mmoja alishikilia kuwa mshairi amesema uongo. Mwenzake akamjibu kuwa rika hapa ni kimo: walisimama mbele ya mifupa ile wakapimana nayo bega kwa bega. Mimi nakubaliana na huyu wa pili, lakini ningependa shairi lenyewe linipe dalili ya kimo hicho, neno moja tu la bega au la kichwa. Halikunipa.

Lakini tazama kilichomo. Tazama wakati wa vitenzi. Mshairi hakusema "alilala". Amesema "amelala", hali timilifu, jambo lililotendeka na athari yake ingalipo. Kisha akasema meno "hayajamaliza" kuota, na kukanusha kwa "-ja-" kunabeba tumaini: bado, lakini huenda. Miaka milioni moja na nusu imepita na meno ya mtoto yangali yanangojewa. Hakuna mbinu ya lugha katika ubeti huu isipokuwa hiyo ya sarufi, na inatosha. Tunafundisha "-me-" na "-ja-" kwa jedwali ubaoni, kisha tunashangaa wanafunzi kuona sarufi kama adhabu. Hapa kuna mmoja aliyegundua kuwa viambishi viwili vinaweza kumfufua maiti.

Halafu vidole. Taarifa ya makumbusho ilisema mikono haikupatikana, na wanafunzi thelathini na wanane wakaiandika hivyo kwenye madaftari yao. Mmoja peke yake aliitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa ikiandika. Swali la mwisho, "naandika kwa vya nani", ndilo lililonipita usiku ule. Hapo uhusiano wa mtoto wa leo na yule wa kale haukusemwa kwa "babu zetu". Umekuwa deni, kitu kilichokosekana kule ambacho kimeonekana huku. Na ile mishata niliyoipigia mstari ina kazi. "Nami" imeachwa ikining'inia mwishoni mwa mshororo, peke yake, haina kitenzi, mpaka jicho lishuke kwenye mshororo unaofuata. Nafsi neni inaning'inia kati ya swali la yule na swali lake mwenyewe. Ningekuwa na subira ningeliona hilo kabla ya kufungua kalamu nyekundu.

Najua utakachosema, mwalimu mwenzangu. Utaniambia nimejiunga na kambi ya wanamapinduzi, na kwamba Kaluta Amri Abedi alikwisha kutuwekea sheria mwaka 1954. Mgogoro huo umekula karatasi nyingi tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na sina haja ya kuufukua. Kithaka wa Mberia ametuonyesha katika *Bara Jingine* (2001) kuwa shairi lisilo na vina laweza kuwa na nidhamu kali ya aina yake. Isitoshe, sidai kuwa arudhi ndiyo iliyoliua shairi la tarbia. Ushahidi wa kinyume tunao tangu zaidi ya karne mbili zilizopita, nao unahusu jambo hilihili: mtu aliyesimama mbele ya mabaki ya waliotangulia.

Nazungumzia *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Sisi walimu wa bara huitaja katika historia ya ushairi kisha tukaipita mbio, kwa kuwa Kiamu chake ni kigumu na ina mafunzo mazito ya dini. Mshairi anauambia moyo wake uitazame Pate, mji uliokuwa na matajiri na makadhi, taa za kuwaka usiku na vyombo vya kauri vilivyopangwa katika vidaka vya ukutani. Watu wale wamekwenda makaburini. Katika vidaka vilivyokuwa na sahani sasa wanalala makinda ya ndege, popo wananing'inia kumbini, buibui wametanda. Mizani ni 10 kwa kila mshororo, mishororo mitatu ina kina kimoja, na wa nne hurudi kwenye kina kilekile ubeti hadi ubeti. Sheria kali kuliko tarbia ya mwanafunzi wangu! Mbona basi haina harufu ya bango la watalii?

Jibu langu ni kidaka. Sayyid Abdalla hakusema "majumba ya fahari yameanguka", akaishia hapo. Alichagua tundu moja la ukutani, dogo kiasi cha kuenea sahani, akalionyesha mara mbili: likiwa na kauri, kisha likiwa na ndege. Msomaji anayapima maangamizi ya mji mzima kwa upana wa sahani. Na hilo kina la mwisho linalorejea halikuwekwa ili kutimiza sheria tu. Linapiga kila baada ya ubeti kama wimbi kwenye ukuta wa Pate, na moyo unaoambiwa hauna pa kujificha. Kwa hivyo mwanafunzi wa tarbia hakuponzwa na vina. Aliponzwa na kukosa kidaka chake. Yule wa shairi huru alikipata, nacho ni vidole.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo sipendi kuificha. Sayyid Abdalla aliwalilia watu aliowajua kwa nasaba. Dini yake ilimpa pia namna ya kuupima wakati: kuna mwanzo, kuna kiyama, na baina yake kuna mauti ya kila mmoja. Lugha tuliyorithi kwa ajili ya ukale imejengwa juu ya msingi huo. Tuna jadi, tuna enzi na zama, tuna azali ambayo ni ya Mungu. "Binadamu" mwenyewe ni mwana wa Adamu, kwa hivyo ukilitamka tu neno hilo umekwisha kusimulia kisa cha asili. Wanahistoria walipohitaji jina la viumbe wa Olduvai na Turkana wakaunda "zamadamu". Ni neno zuri, la kitabuni, lakini bado ni baridi mdomoni. Mwanafunzi wangu hakulitumia. Alisema "kijana". Sijui kama alikwepa ubishi au alichagua tu lililomkaa, ila amechagua vyema.

Ubishi upo, usijidanganye. Mwaka 2006, makumbusho yalipokuwa yakifanyiwa ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mifupa hii kupewa nafasi ya heshima kama ushahidi wa asili ya mwanadamu. Wazazi wa wanafunzi wetu ni waumini, sisi wenyewe ni waumini, na somo letu si Bayolojia. Mimi huwaambia darasani kuwa ushairi haulazimiki kuamua kesi hiyo. Aliyekufa akiwa mtoto ni mtoto.

Hilo linanileta kwenye habari ambayo ningependa kila mwalimu wa fasihi aijue. Mwezi Mei mwaka 2021 wataalamu walitangaza kuwa katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, walipata kaburi la miaka ipatayo 78,000, la kale kuliko makaburi yote ya mwanadamu wa leo yanayojulikana barani Afrika. Aliyezikwa alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Jinsi mifupa ilivyokaa ilionyesha kuwa mwili ulifungwa kwa kitu fulani, na kichwa kililazwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye. Watafiti walimpa jina Mtoto, na majarida ya sayansi ya ulimwengu mzima yakaliandika hivyohivyo kwa Kiswahili.

Fikiria maneno tuliyo nayo. Kitu cha kuufunga mwili ni sanda. Kitu laini cha kulazia kichwa ni mto. Pwani hiyohiyo ina karne nyingi za utenzi na maombolezo, ina wajuzi wa kila istilahi ya mazishi, na kilomita chache kutoka ufukweni kulikuwa na mtoto aliyewekewa mto miaka 78,000 iliyopita. Katika diwani nilizofundisha bado sijakutana na shairi linalomlilia. Ningefurahi kusahihishwa na msomaji.

Pengine sababu ni ukuta tuliojenga wenyewe kati ya karatasi ya ushairi na ile ya fasihi simulizi. Muulize mwanafunzi maana ya kisasili, atakutajia Shungwaya na Wamijikenda, Mukurwe wa Nyagathanga na Wagikuyu, au safari ya Waluo kutoka kaskazini hadi kilima cha Ramogi. Atakupa sifa tano na mifano. Mwambie atunge shairi kuhusu uhamaji, atakuletea kijana aliyetoka kijijini akaharibikiwa jijini, na mama analia. Zile safari kuu amezifungia kwenye kabati la majibu. Ilhali mtoto huyo anaishi Kawangware, babake alitoka Vihiga, mamake Makueni, na kila alfajiri anatembea kuelekea mjini pamoja na maelfu ya watu wasiojuana waliofuata chakula, kama watu walivyofuata chakula tangu na tangu. Wamijikenda walipohama walibeba fingo wakazifukia katika kaya zao mpya. Misitu hiyo tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Niliwauliza wanafunzi: nyumbani kwenu mlibeba nini kutoka mlikotoka? Mmoja alisema jiwe la kusagia wimbi. Mwingine, baada ya kimya kirefu, akasema hakuna, tulitoka usiku. Nilimwachia nafasi na sikumuuliza zaidi.

Huyo aliyetoka usiku ndiye mwenye shairi la vidole. Kwao ni kaskazini. Nilipompa zile alama 7 mwaka 2023 hakulalamika. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na kwa muhula mzima uliofuata kila nilipoagiza kazi ya kubuni aliniletea muhtasari wa kitabu. Mimi nikadhani ni uvivu. Ni mwaka uliofuata, akiwa Kidato cha Nne, ndipo nilipomwomba anisomee tena ile kazi, kwa kuwa nilikuwa nikiandaa somo la *Al-Inkishafi* na kile kidaka kilikuwa kimenikumbusha kitu. Aliisema kwa moyo, bila karatasi. Nikamwuliza kwa nini alikuwa ameacha kutunga. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, ulisema si shairi." Sikuwa nimesema hivyo, lakini ndivyo wino mwekundu ulivyosomeka.

Tuliuweka ubeti wake ubaoni kando ya ule wa tarbia, majina yamefichwa. Mwenye tarbia, ambaye ana sikio zuri kuliko langu, aliliona lile "naye" kabla yangu. Akalitoa akaandika "wakimkwepa simba", akahesabu, akakuta mizani imepungua kwa moja. Kipindi kizima kilikwisha tukiitafuta silabi hiyo moja. Kengele ilipolia akapata "wakimkimbia simba", akahesabu kwa vidole, nane, na darasa likapiga makofi. Sasa babu hawakuwa tena mashujaa wa bango. Walikuwa watu wenye hofu, wakikimbia na mawe yao mikononi. Ubeti ulikuwa umepata kidaka chake ndani ya vina vilevile.

Yule wa vidole hakubadili neno hata moja. Aliomba tu karatasi yake ya mwaka uliotangulia irudiwe kusahihishwa. Aliitoa kwenye kitabu cha Historia, mikunjo minne imeanza kupasuka. Nilimwandikia 15, nikaeleza kwamba zile tano zilizobaki ni za bega.